Karata Zilizofunikwa: Namna ya Kuifundisha Kompyuta Kucheza Bila Kuona



Habari za ushindi wa akili unde zilizotufikia kwa kishindo zilihusu michezo ya ubao. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov katika sataranji, na mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini mara nne kati ya michezo mitano ya Go. Ushindi huo ulikuwa wa haki, lakini ulituachia dhana moja inayopotosha: kwamba kompyuta hushinda kwa kuwa inaona mbali kuliko sisi, na kwamba dawa ya kila udhaifu wake ni kuipa nguvu ione mbali zaidi. Katika mhadhara huu ninaipinga dhana hiyo. Hoja yangu ni kwamba katika michezo ya karata, hatua kubwa za miaka ishirini na ushee iliyopita zilipatikana pale watafiti walipoikataza kompyuta kujifanya inaona kisichoonekana. Na kwa kuwa hatua hizo zilitokana na fikra kuliko ukubwa wa mitambo, kazi hii inaweza kufanywa hapa Mara, kwa michezo tunayoijua wenyewe.

Tofauti yote inaanzia kwenye bao. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, alijulikana kwa kulipenda, na bao lina sifa inayoirahisishia kompyuta kazi: kete zote ziko wazi. Ninachokiona mimi ndicho anachokiona mpinzani. Mchezo wa namna hiyo huchorwa kama mti, tawi kwa kila hatua yangu na matawi mengine kwa kila jibu lake, mpaka mwisho wa mchezo au mpaka uwezo wa mashine unapokoma. Kisha kompyuta hurudi kutoka kwenye ncha kuelekea shina, ikichagua njia ambayo hata mpinzani akijibu kwa ustadi wote hainiletei hasara kubwa. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na John von Neumann mwaka 1928. Kwa njia hiyo ya kuhesabu kutoka mwisho, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliumaliza kabisa mchezo wa awari, jamaa wa bao unaochezwa Afrika Magharibi: mwaka 2002 kompyuta zao zilipitia hali zote za ubao, takriban bilioni 889, zikathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao letu la kete 64 ni gumu zaidi, lakini ugumu wake ni wa wingi tu. Anayetaka kulitatua anajua afanye nini. Anachohitaji ni nguvu na muda.

Karata ni jambo jingine. Chukueni michezo ya turufu inayochezwa vijiweni kwetu, arubastini na wahedusitini pamoja na jamaa zao. Kanuni hubadilika kutoka meza hadi meza, lakini hesabu ya pointi ni ile ile: ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, na karata nyingine hazina kitu. Kila aina, iwe kopa, uru, shupaza au pau, ina pointi 30, jumla 120, na mwenye 61 ameshinda. Tuseme tumeondoa kumi, tisa, nane na mbili, zikabaki karata 36, na watu wanne wanaocheza wawili kwa wawili wamegawiwa tisa tisa. Ninaziona tisa zangu. Zile 27 zilizobaki zinaweza kuwa zimegawanyika mikononi mwa wenzangu watatu kwa njia 227,873,431,500. Hizo ni karibu bilioni 228 kabla karata ya kwanza haijaanguka mezani, na kwa jicho la mchezaji mmoja tu. Kila mgawanyo una mti wake mzima wa mchezo. Hata hivyo wingi huo siyo tatizo lenyewe. Hata kama ningekuwa na mashine ya kuzipitia zote, ningebaki na swali ambalo bao haliniulizi: nichague hatua ipi wakati sijui niko katika mti upi, na wenzangu nao hawajui?

Jibu la kwanza lililozaa matunda lilikuwa la kubahatisha kwa mpangilio. Kompyuta hugawa upya karata zisizoonekana kwa nasibu, mara mia au mara elfu, kila mara ikizingatia zile zilizokwisha kuchezwa. Kwa kila mgawanyo huzichukulia karata zote kuwa zimefunuliwa mezani, hutatua mchezo kama inavyotatua bao, kisha hujumlisha matokeo na kucheza karata yenye wastani mzuri. Njia hii huitwa utafutaji wa Monte Carlo wa karata wazi. Matthew Ginsberg aliitumia mwishoni mwa miaka ya 1990 katika programu yake ya briji iitwayo GIB, na kwa mara ya kwanza kompyuta ikaanza kucheza briji kwa kiwango kinachoheshimika. Ni njia rahisi kuiandika na rahisi kuielewa, na mwanafunzi anayeanza leo sharti aanzie hapo. Lakini ndani yake mna kasoro ambayo haiondoki hata ukiongeza migawanyo kutoka elfu moja hadi bilioni moja, na kasoro hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu.

Tuione kwa mfano. Mchezo unakaribia mwisho, na mezani pana wazungu wa nne wawili: pointi nane. Nina turufu. Nikikata sasa, nane ni zangu bila shaka. Nikiziachia, baadaye nitapata nafasi ya kupata pointi 14, lakini kwa sharti nijue ree ya kopa iko kwa mpinzani wa kulia au wa kushoto. Ikiwa kulia, nitoe kopa. Ikiwa kushoto, nitoe uru. Nikikosea sipati kitu. Sina dalili yoyote ya kunisaidia, kwa hiyo wastani halisi wa kusubiri ni pointi saba, na mchezaji mwenye busara atakata sasa achukue nane zake. Kompyuta ya karata wazi itafanyaje? Katika kila mgawanyo inaoubuni, ree inaonekana ilipo. Ikiwa kulia, kompyuta inatoa kopa na kupata 14. Ikiwa kushoto, inatoa uru na kupata 14. Wastani wake ni 14 daima, kwa hiyo itasubiri. Itakapofika wakati wa kuchagua itakuta haijui kitu, nayo itabahatisha kama mtu mwingine yeyote. Ian Frank na David Basin waliichambua kasoro hii mwaka 1998 kwa kutumia briji. Chanzo chake ni kwamba programu inachanganya mikakati miwili tofauti, mmoja wa dunia ya kulia na mwingine wa dunia ya kushoto, kana kwamba mchezaji mmoja anaweza kuifuata yote miwili bila kujua yuko katika dunia ipi.

Kasoro ya pili, waliyoieleza pia Frank na Basin, inahusu yale ambayo wenzetu wanatuambia kwa kucheza kwao. Mpinzani wa kulia akipata nafasi ya kukata mzunguko wenye ree na saba, pointi 21, naye akaacha, mchezaji yeyote wa kijiweni anajua kwamba huenda mtu huyo hana turufu. Kompyuta inayogawa karata kwa nasibu tupu itaendelea kumpa turufu katika migawanyo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kasoro hii hupungua programu inapofundishwa kusoma nyendo: Michael Buro na wenzake wa Kanada waliboresha mchezaji wao wa Skat, mchezo wa turufu wa Wajerumani ambao nao unahesabu pointi 120 na kuhitaji 61, kwa kukadiria karata za mpinzani kutokana na alivyocheza. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Upande wa pili wa kasoro hiyo ndio mzito zaidi. Kwa kuwa programu hudhani karata zote ni wazi, haiwezi kuona faida yoyote ya kuficha. Haitazuga, haitashikilia ree ili mpinzani adhani iko kwingine, na haitamtumia mwenzake ishara kwa karata ndogo. Nusu ya ufundi wa mezani haimo katika hesabu yake.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kasoro ni kubwa hivyo, mbona GIB na wachezaji wa Skat walifanya vizuri? Swali hili lina haki ya kujibiwa, na Jeffrey Long, Nathan Sturtevant, Buro na Timothy Furtak walilijibu mwaka 2010. Walionyesha kwamba ubora wa njia ya karata wazi unategemea tabia za mchezo wenyewe, na mojawapo ni kasi ambayo siri hufichuka nayo. Katika michezo ya mizunguko, kila karata inayoanguka inapunguza siri. Turudi kwenye mfano wetu: baada ya mizunguko mitano kila mchezaji amebakiwa na karata nne, na ile migawanyo bilioni 228 imeshuka hadi isiyozidi 34,650. Hapo hata simu ya kawaida inaweza kuipitia yote. Katika poka, kinyume chake, karata za mpinzani zaweza kubaki siri mpaka mwisho, na njia hii huanguka vibaya. Kutokana na hoja hiyo natoa utabiri unaoweza kupimwa: katika mchezo wa kwetu ambamo karata zote zimegawiwa tangu mwanzo na kufuata aina ni lazima, njia ya karata wazi itacheza vizuri nusu ya pili na vibaya nusu ya kwanza. Penye rundo la kuokota na uhuru wa kutupa karata yoyote, itachelewa zaidi kuamka, kwa sababu asiyefuata aina hajatuambia kwamba hana. Kwa ninavyojua, jambo hili halijapimwa kwa michezo yetu, na linasubiri mtu wa kulipima.

Tiba zilizopatikana ni mbili, na zote zinatoka kwenye wazo moja: tawi la mti lisiwe hali halisi ya karata, liwe kile mchezaji anachokijua. Hali zote ambazo mchezaji hawezi kuzitofautisha zinafungwa pamoja, na ndani ya fungu hilo analazimishwa kuchagua hatua moja. Peter Cowling, Edward Powley na Daniel Whitehouse wa Uingereza waliliingiza wazo hilo katika utafutaji wa Monte Carlo mwaka 2012. Migawanyo bado inabuniwa kwa nasibu, lakini yote inajenga mti mmoja wa ujuzi, na kwa hiyo ule udanganyifu wa kopa na uru unapungua sana. Njia yao haikubaki maabara. Iliingizwa katika mchezo wa karata wa Spades kwenye simu za Android, ambao ni wa watu wanne, wawili kwa wawili, wenye turufu. Hakuna mfano ulio karibu zaidi na meza zetu. Ripoti yao ya mwaka 2013 ilieleza jambo ambalo wanafunzi wangepaswa kulizingatia: programu iliyoshinda sana bado iliwaudhi wachezaji, kwa sababu baadhi ya hatua zake zilionekana za kipuuzi hata pale zisipokuwa na madhara, na ikabidi waiongezee maarifa ya kibinadamu.

Tiba ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 2007, kwa Martin Zinkevich, Michael Johanson, Michael Bowling na Carmelo Piccione. Programu hucheza na nafsi yake mamilioni ya mara. Kila inapopita mahali pa kuamua, huweka hesabu ya majuto: ningecheza ile nyingine, ningepata kiasi gani zaidi? Mara inayofuata huchagua kila hatua kwa uwiano wa majuto yaliyolimbikizwa. Wastani wa uchezaji wake hukaribia mkakati ambao, katika mchezo wa watu wawili wanaopingana, mpinzani hawezi kuutumia vibaya hata akiusoma wote. Kuzuga hakufundishwi. Kunajitokeza kwenyewe, kwa sababu asiyezuga kamwe hupoteza, na majuto humwonyesha hivyo.

Hapa ndipo ushahidi wa gharama unapounga mkono hoja yangu. Mwaka 2015 kikundi cha Alberta kilitangaza kuimaliza poka ya watu wawili yenye dau la kikomo. Walitumia kompyuta 200 zenye viini 24 kila moja kwa zaidi ya siku 68. Januari 2017, programu ya Libratus ya Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne katika michezo 120,000 ya poka isiyo na kikomo cha dau, nayo ilikula mamilioni ya saa za viini vya kompyuta kuu. Miaka miwili baadaye, 2019, Brown na Sandholm walitoa Pluribus, iliyocheza poka ya watu sita, mchezo mgumu zaidi, na kuwashinda wataalamu. Maandalizi yake yalichukua siku nane kwenye seva moja ya viini 64, na kama angekodi mtu muda huo wa kompyuta angelipa takriban dola 144, yaani chini ya shilingi laki nne kwa viwango vya mwaka ule. Gharama ilianguka kwa sababu utafutaji ulibadilika. Badala ya kuufuata mti mpaka mwisho, Pluribus iliukata hatua chache mbele, na pale kwenye ncha ikaruhusu kila mchezaji achague mmoja kati ya mikakati minne ya kuendelea. Kwa kukiri kwamba haijui wengine watachezaje, ikapata makadirio yasiyodanganyika.

Pingamizi la kwanza nililolisikia likitolewa dhidi ya kazi ya namna hii ni kwamba imepitwa: mitandao ya neva hujifunza kila kitu, utafutaji wa nini tena? Ukweli ni kwamba mitandao hiyo ina msaada mkubwa wa kukadiria thamani ya hali, na programu ya DeepStack ya mwaka 2017 iliitumia hivyo hivyo katika poka. Lakini DeepStack iliendelea kutafuta katika kila uamuzi. AlphaGo yenyewe ilitafuta. Programu ya Kifaransa NooK, iliyowashinda mabingwa wanane wa dunia wa briji jijini Paris mwezi Machi 2022 katika sehemu moja ya mchezo, bila mnada, ilichanganya kujifunza na kanuni za mantiki zinazoelezeka. Mtandao unaokisia bila kutafuta unategemea kwamba umekwisha kuona kitu kinachofanana, na kwa michezo ambayo haina hata kumbukumbu moja iliyoandikwa, kama ya kwetu, msaada huo ni mdogo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na silipuuzi. Uhakika wa nadharia ya majuto ni wa wachezaji wawili. Kwetu wako wanne, na mwenza wangu haoni karata zangu. Timu mbili si sawa na watu wawili, kwa kuwa nusu mbili za timu hazina macho ya pamoja. Pluribus ilifanikiwa kwa vitendo bila uthibitisho huo, na hilo latupa moyo, lakini poka haina wenza. Karibu zaidi ni utafiti wa Hanabi, mchezo wa karata wa kusaidiana, ambako Adam Lerer na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba kuongeza utafutaji juu ya mkakati waliokubaliana wenza huinua matokeo, mradi kila mmoja aweze kukadiria mwenzake anaamini nini. Kuunganisha yote mawili, kusaidiana na mwenza huku mkiwaficha wapinzani wanaosikia kila ishara, bado ni kazi ngumu. Arubastini ya wawili kwa wawili inayo sifa hiyo kamili. Naiona kuwa sababu ya kuichagua.

Pingamizi la tatu ni la kimaadili: karata ni kamari, na kamari imeharibu nyumba za watu. Wasiwasi huo ni wa haki. Nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 kwa sababu hatari ni ya kweli, na watunzi wa Pluribus wenyewe walikataa kuitoa programu yao hadharani ili isitumiwe kuwaibia wachezaji wa mtandaoni. Utafiti ninaoupendekeza hauhitaji senti mezani; pointi 61 zinatosha. Von Neumann na Oskar Morgenstern waliweka sehemu nzima ya poka katika kitabu chao cha mwaka 1944 kuhusu michezo na uchumi, na humo mna umbo la mambo ya soko na vita, ambamo hakuna anayeona mkono wa mwenzake. Umbo hilo liko jirani nasi. Askari wa doria katika ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande wa Bunda, hajui jangili atatega wapi nyaya zake, na jangili hajui askari atapita wapi. Doria ikizoeleka, inakwepwa. Mwaka 2014 mfumo wa PAWS, uliotengenezwa na kikundi cha Milind Tambe, ulijaribiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda ili kupanga doria zisizotabirika, kwa nadharia ile ile ya michezo yenye siri. Hesabu za doria si hesabu za turufu, na sitaki mtu aondoke akidhani programu ya karata italinda nyumbu. Lakini mwanafunzi aliyeelewa kwa nini kompyuta ilishindwa kukata wazungu wa nne wawili ameelewa kwa nini doria inayodhani inamwona jangili itashindwa.

Kazi ya kuanzia ni ndogo na iko wazi. Kwanza ziandikwe kanuni za meza za Musoma, Bunda na Butiama, kwa maneno ya wachezaji wenyewe, pamoja na tofauti zake. Pili, zirekodiwe mechi, karata kwa karata, bila majina ya watu na bila fedha. Tatu, iandikwe programu ya karata wazi, na baada yake programu ya mti wa ujuzi, zishindanishwe kwa migawanyo ile ile ya karata ili bahati isitudanganye, na ule utabiri wangu wa nusu ya kwanza na ya pili upimwe. Ukionekana ni wa uongo, hayo nayo yatakuwa maarifa, na yachapishwe. Kompyuta za mezani zilizopo katika vyuo vyetu zinatosha kwa hatua zote tatu. Nawaomba walimu wa kompyuta na hisabati wa mkoa huu wawape wanafunzi kazi hii mwaka huu, na nawaomba wachezaji wa hapa Nyakato wasiwafukuze wanafunzi hao watakapokuja mezani na madaftari.